Vibali vya ujenzi na bili za umeme: halmashauri inaanzaje kujijengea uwezo?

Mhandisi_Pwani

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mhandisi wa majengo kwenye manispaa moja ya ukanda wa pwani, Tanzania. Napitia michoro ya maombi ya vibali vya ujenzi, na nasimamia majengo ya halmashauri yenyewe: shule, vituo vya afya, ofisi za kata na makao makuu. Mkurugenzi ameniagiza niandae andiko la namna halmashauri itakavyojijengea uwezo wa kusimamia matumizi bora ya nishati kwenye majengo. Mkakati wa Taifa wa Matumizi Bora ya Nishati wa 2024 hadi 2034 upo, na sisi wa chini tunatakiwa tuonyeshe sehemu yetu.

Rasimu niliyokabidhiwa na wenzangu ina semina ya wakuu wa idara, ziara ya mafunzo, kompyuta mpakato na mabango. Nimeisoma mara kadhaa na sijaona mahali ambapo mchoro hata mmoja utabadilika.

Niwaeleze hali ilivyo. Ofisi zetu ni jengo la ghorofa, na uso wake mkubwa wa kioo unatazama magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linaingia moja kwa moja mpaka kwenye meza. Watumishi wanafunga mapazia, kisha chumba kinakuwa giza, wanawasha taa, halafu AC inawekwa nyuzi 16 na bado wanajipepea na mafaili. Madirisha ni ya aluminiamu ya kusukuma, yanafunguka nusu tu. Ghorofa ya juu kabisa kuna jipsamu na bati, katikati hapo hakuna kitu. Umeme unalipwa kwa fedha za OC, yaani fungu la matumizi ya kawaida ya ofisi, na OC ikichelewa tunaanza kuchagua kati ya umeme na mafuta ya gari la wagonjwa. Hilo ndilo linaloniuma. Mama mjamzito anasubiri gari, na hela yake imetumika kupambana na jua ambalo mchoraji angelizuia kwa penseli.

Tena jengo hilo lilipata kibali kihalali kabisa. Fomu yetu inauliza umbali kutoka mpaka wa kiwanja, asilimia ya kiwanja itakayojengwa, urefu, maegesho, shimo la maji taka, zimamoto. Haiulizi dirisha linatazama wapi, halina kivuli au linacho, wala upepo unapita wapi. Nikiwa nimeshika mchoro mbaya kwa jua na upepo lakini sahihi kwa fomu, sina pa kuushikia. Nasaini.

Swali langu: mngekuwa na mwaka mmoja na bajeti ndogo, mngemfundisha nani, na mngebadilisha nini kwanza? Tutunge sheria ndogo? Tuwe na mwongozo tu? Na nani atakagua, maana sisi wenye taaluma hapa tunahesabika kwa vidole na uhamisho haukomi?

Ugavi_Mkoani

Mhandisi, pole na kazi. Mimi niko upande wa manunuzi, nikupe jambo moja ambalo wahandisi huwa hamlisemi.

Ukiniletea ombi lililoandikwa "AC 12,000 BTU, idadi 40", mimi nitapata mzabuni wa bei ya chini kabisa aliyetimiza vigezo, na kigezo ulichonipa ni BTU peke yake, yaani ukubwa wa ubaridi inaotoa. Nikichukua ya bei ya juu kwa sababu "inakula umeme kidogo" na hilo halimo kwenye nyaraka za zabuni, mkaguzi wa hesabu akija ni hoja yangu, si yako. Nitajibu mimi, na nitajibu mpaka kwenye kamati. Kwa hiyo usimlaumu afisa ugavi kabla hujaandika unachotaka: kiwango cha umeme inachovuta kwa ubaridi inaotoa, aina ya gesi, ni ya inveta (kompresa inayopunguza kasi yenyewe) au siyo. Andika, na ambatisha hesabu ya gharama za miaka yote ya matumizi. Hapo nina cha kumwonyesha mkaguzi.

MzeeSakiti

Binti yangu, nimestaafu kutoka kwenye ufundi umeme wa majengo ya serikali. Nimefunga na kufungua AC kwenye wizara, hospitali na vyuo mpaka mgongo umekataa. Nimefurahi mtu wa halmashauri anauliza swali hili kwa uchungu, maana ni jambo ambalo tumelipigia kelele tangu enzi za taa za waya.

Kabla ya semina yoyote, jueni jengo lenu linakula nini. Ofisi nyingi za umma hazijui. Wanajua shilingi, uniti, yaani kilowati-saa, hawazijui. Fanya hivi: Ijumaa saa kumi na moja jioni, watu wakishatoka, mtume kijana akasome mita aandike. Jumatatu saa moja asubuhi, kabla hawajaingia, asome tena. Tofauti hiyo ni umeme ulioliwa na jengo tupu. Kwenye hesabu hiyo punguza friji ya chanjo kama ipo, chumba cha seva na taa za ulinzi. Kinachobaki ni AC zilizoachwa, hita za chai, pampu isiyozimika na taa za korido. Hilo halihitaji mhisani wala mtaalamu kutoka nje.

Pili, hesabu ambayo kila fundi angetakiwa aijue. AC ya 12,000 BTU ya kizamani inavuta kama kilowati 1.1. Tuseme kompresa inafanya kazi saa 6 kati ya saa zote za ofisi, siku 22 za mwezi: ni uniti 145. Kwa wateja wa kawaida uniti ni karibu shilingi 350 ukijumlisha na kodi, kwa hiyo AC moja ni kama 50,800 kwa mwezi. Zikiwa 40, ni zaidi ya milioni mbili kila mwezi. Sasa weka ya inveta inayovuta wastani wa kilowati 0.8 kwa kazi ileile: ni uniti 106 hivi, sawa na shilingi 37,000. Umeokoa kama 13,900 kwa AC moja kwa mwezi, karibu laki moja na elfu sitini na sita kwa mwaka. Hata ikiwa bei yake imezidi kwa laki tatu, imejilipa kabla ya miaka miwili, na AC inakaa ukutani miaka kumi. Bwana Ugavi hapo juu, hiyo ndiyo hesabu ya kuambatisha.

Jengo lenu likiwa kubwa kiasi cha kuingia daraja la T2, lile la bei za umeme kwa watumiaji wakubwa, kuna jambo jingine. Pale hulipii uniti peke yake, unalipia pia kilele cha mzigo, yaani umeme mwingi kabisa mliouvuta kwa pamoja, kwa kipimo cha kVA. Umeme ukikatika ukarudi, AC zote zikanguruma kwa pamoja, kilele hicho kinaandikwa na mnakilipia mwezi huo. Kuziwasha kwa awamu, na kufunga kapasita za kurekebisha mzigo, ni kazi ya fundi mmoja anayejua. Nimekuta majengo ambayo kapasita zilifungwa, zikaungua, na hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyekuwa anaisoma bili zaidi ya mstari wa mwisho.

Na tafadhali, mfundishe fundi wa AC kupima chumba. Siku hizi fundi anaingia, anatazama dari, anasema "hapa weka 24,000". Hajauliza ukuta wa jua ni upi wala watu wanaokaa ni wangapi. Hawa vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA wana mikono mizuri sana, wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba kipimo ni sehemu ya kazi.

Kiboko_Mtera

Mada nzuri lakini kwangu imepitwa na wakati. Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115. Umeme upo. Kwa nini leo tubanane kwenye vioo na mapazia?

Mhandisi_Pwani

Mkuu Kiboko, bwawa hilo ni letu sote na nalifurahia. Ila bwawa halilipi bili ya halmashauri. Uniti inayovuja kwenye ukuta wa magharibi nailipia leo kama nilivyoilipia kabla mtambo wa kwanza haujawashwa. Na umeme ukiwa mwingi kule Rufiji, bado transfoma ya mtaa wangu ni ileile. Mchana wa Februari AC zikiwaka zote, taa za maabara ya kituo cha afya zinafifia. Megawati tulizojenga kwa jasho zikaendeshe viwanda, zisiishie kupooza jua tuliloliingiza ndani kwa mikono yetu.

Mzee Sakiti, shikamoo. Kipimo cha Ijumaa na Jumatatu naanza nacho wiki hii kwenye makao makuu na kituo cha afya kimoja.

MzeeSakiti

Marahaba binti. Andika kwenye daftari lenye jalada gumu, likae ofisini. Ya kwenye simu inahama na mwenye simu.

MkaguziMsa

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Mimi hukagua matumizi ya nishati kwenye hoteli na majumba makubwa huku Kenya, kwa hiyo nitakwambia yaliyotupata sisi ili uchague.

Sheria za kwetu ni nzuri. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zilisema jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka lazima kikaguliwe kila miaka mitatu na mkaguzi mwenye leseni, halafu mwenyewe atekeleze angalau nusu ya uokoaji ulioonyeshwa kwenye ripoti. Sheria ya Nishati ya 2019 ikazipa na kaunti sehemu yao. Mwaka 2024 tukapata kanuni mpya za ujenzi badala ya zile za 1968. Friji na AC zina lebo ya nyota dukani, mama wa nyumbani anaweza kulinganisha.

Lakini nakuomba utazame yaliyotokea kwenye maji ya moto. Kanuni nyingine ya 2012 ilitaka kila nyumba inayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku ifunge mtambo wa jua, na nyumba zilizokuwepo zikapewa miaka mitano. Muda ukafika, na mapaa mengi yalikuwa matupu. Aliyetunga kanuni alikuwa upande wa nishati. Anayepitisha ramani za nyumba yuko kaunti. Yule wa kaunti hakuwa na fomu ya kujaza, hakufunzwa kusoma mchoro wa mabomba ya jua, na hakuna aliyemuuliza mwisho wa mwezi amezipitisha ngapi. Kanuni ikabaki kwenye gazeti la serikali.

Kwa hivyo kama utaandika sheria ndogo kesho, swali la kwanza ni: karatasi ipi, kwenye meza ipi, itazuiliwa na nani? Ukikosa jibu, usiandike sheria bado.

Jambo la pili ni wakaguzi. Afrika Kusini walitoa agizo Desemba 2020: majengo ya serikali yanayozidi mita za mraba 1,000, na ya binafsi yanayozidi 2,000, yabandike mlangoni cheti cha herufi A mpaka G kinachoonyesha uniti kwa kila mita ya mraba. Mimi nalipenda sana wazo hilo, kwa sababu mwananchi akiingia kulipa kodi anaona jengo la serikali limepata nini. Ila muda wa kutekeleza uliwekwa miaka miwili, kisha ukasogezwa hadi Desemba 2025. Wenye idhini ya kutoa vyeti walikuwa wachache kuliko majengo. Hesabu watu wako kwanza, kisha ndiyo utangaze tarehe.

Mhandisi_Pwani

Kaka wa Mombasa, "karatasi ipi, kwenye meza ipi" naiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko.

Nimekuwa nikiwaza kwamba sheria ndogo ndiyo nguvu. Na njia yake ni ndefu: baraza la madiwani, maoni ya wananchi, kisha idhini ya waziri. Nikiipeleka kabla ya kuwa na mtu wa kuisimamia, nitapoteza miaka miwili na imani ya madiwani.

Kigali_Ramani

Habari Mhandisi. Mimi ni msanifu majengo, Mtanzania, nafanya kazi Kigali. Sitasema Rwanda ni pepo, kuna majengo ya vioo huku pia. Ila kuna kitu wamekifanya kinachojibu swali lako moja kwa moja.

Mwaka 2019 waliweka kiwango cha chini cha majengo rafiki kwa mazingira kama sehemu ya kanuni za ujenzi. Ni mfumo wa alama, unahusu majengo makubwa na ya umma, siyo kibanda cha mwananchi. Na ulipachikwa ndani ya mfumo uleule wa mtandaoni wa kuombea kibali. Kwa hiyo mimi nikiwasilisha mchoro, siendi ofisi nyingine ya nishati. Yule afisa anayetazama ngazi za dharura ndiye anayetazama kivuli cha madirisha, njia ya hewa na aina ya mitambo ya ubaridi.

Kwa pwani ya Tanzania kazi yako ni nyepesi kuliko unavyodhani, maana mambo makubwa ni machache na yanaonekana kwenye mchoro bila kompyuta. Mko karibu na ikweta. Jua la kaskazini na la kusini linapita juu, kibaraza au ukingo wa zege wa kawaida unalizuia. Jua la mashariki na magharibi linakuja chini chini, ukingo huo haulizuii. Pale unataka ukuta usio na dirisha, au vibao vya wima, au matofali ya matundu, au mti. Basi pande ndefu za jengo zitazame kaskazini na kusini. Na bahati nzuri upepo wenu unakubali: kusi inatoka kusini, kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo jengo hilohilo linapata hewa karibu mwaka mzima likiwa na madirisha pande mbili zinazotazamana. Wazee waliojenga miji ya mwambao kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene na vibaraza, walilijua hili.

Afisa mwenye rula anaweza kukagua haya: uso wa magharibi una kioo kiasi gani, kila dirisha lina kivuli gani, chumba kina matundu pande mbili, chini ya bati kuna kizuizi gani cha joto na rangi ya bati ni ipi. Mtu wa diploma anajifunza hayo vizuri kwa siku chache, akiwa na michoro halisi ya halmashauri yenu mbele yake, siyo picha za Ulaya kwenye projekta.

Kitu kimoja usikisahau: kilichochorwa na kilichojengwa ni vitu viwili. Vibao vya kivuli ndivyo vya kwanza kufutwa hela ikipungua. Ukaguzi wa mwisho, kabla jengo halijaruhusiwa kutumika, ndipo kazi yote inapopona au kufa.

Mhandisi_Pwani

Nimekaa na majibu yenu usiku huu na andiko limegeuka.

Naanza na majengo ambayo mwenye mali ni halmashauri yenyewe. Hapo sihitaji sheria ndogo wala idhini ya waziri. Mwenye nyumba anaagiza anachotaka. Kwenye hadidu za rejea za mchoraji naandika mwelekeo, kivuli, hewa na paa. Kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na gharama zake, vinakuwa na mstari wake ili mtu akitaka kuvifuta ajulikane. Tuna madarasa na zahanati kwenye bajeti ijayo, na mengi tunajenga kwa force account, yaani tunasimamia wenyewe bila mkandarasi, kwa mafundi wa mtaani, kwa hiyo mafundi hao nao watapita kwenye darasa letu. Maombi ya watu binafsi yatapata karatasi ya ushauri iliyobandikwa kwenye fomu, bila kumzuia mtu, mpaka tuwe tumeizoea wenyewe. Sheria ndogo itakuja baada ya hapo, ikiwa imeandikwa na watu waliokwisha kuifanya kazi.

Semina ya wakuu wa idara naiondoa. Fedha ile inakwenda kwa mafundi sanifu wawili wanaopokea michoro dirishani, fundi umeme wa halmashauri, na afisa ugavi. Wawili kwa sababu mmoja atahamishwa tu, hilo nalijua kabisa. Na nitaomba vijana wa Chuo Kikuu Ardhi wanaokuja mafunzo kwa vitendo watupimie majengo: eneo, uniti, joto la vyumba saa tisa alasiri. Mwaka ukiisha nitakuwa na uniti kwa mita ya mraba za majengo yetu, nazo nazibandika mlangoni, na la makao makuu ndilo la kwanza. Bila sheria ya mtu yeyote.

Kilichobaki kunisumbua ni akiba yenyewe. Tukipunguza bili, mwakani bajeti ya OC itapunguzwa kiasi hichohicho, na idara iliyojinyima haitaona faida. Nani amewahi kulivuka hili? Na Ugavi, mkaguzi wa ndani niendeje naye?

Ugavi_Mkoani

Mkaguzi wa ndani mwalike darasani siku ya kwanza, akae na hao mafundi sanifu wako, apige hesabu ya AC ya Mzee Sakiti kwa mkono wake. Akishaipiga mwenyewe, mwaka unaofuata atakuhoji kwa nini umenunua ya bei rahisi.

Kuhusu akiba, usiiache ikae kama salio mpaka Juni. Kwenye mapitio ya bajeti ya nusu mwaka peleka ombi la kuhamisha kiasi hicho kwenye kasma ya matengenezo, ukiambatisha lile daftari la mita. Taja na kituo cha afya kitakachofaidika, na kazi yenyewe: kwa mfano kizuizi cha joto chini ya bati la wodi ya wazazi. Diwani wa kata ile atakusaidia kulisimamia kwenye kamati ya fedha. Ila lipelekwe mapema, Desemba, siyo Mei wakati kila idara inagombania salio.